Wimbo Nisioruhusiwa Kuusikia

9 Septemba

Mabibo ya kwanza yameanguka leo chini ya mkorosho ulio karibu na kisima. Kila msimu mimi huanza kuandika siku hiyo. Ni tabia ya ualimu iliyokataa kustaafu pamoja nami.

Kwa atakayesoma: mimi ni Yasini Likwata wa hapa Mchinga. Kijiji kizima kinaniita Mwalimu, na mke wangu pia, ila akikasirika huniita baba Idd. Mke wangu ni Moza, na Moza ndiye nyakanga wetu. Maana yake ni kwamba mabinti wa hapa wakichezwa unyago, yeye ndiye mkuu wa makungwi, na nyimbo zote ziko kichwani mwake. Hazijaandikwa popote. Mwanamume haruhusiwi kusikia maneno yake, hata akiwa mume. Nimelala naye nyumba moja tangu nywele zetu zote zikiwa nyeusi na sijui hata ubeti mmoja, na ninajivunia kutojua.

Mabibo yakianza, naye huanza kuzipitia nyimbo huku anatwanga, maana wali, yaani mabinti wenyewe wanaochezwa, hutolewa nje Desemba, shule zikishafungwa na korosho zikishauzwa. Mimi hubeba kiti changu hadi nyuma ya banda, mahali ambapo mvumo unafika na maneno hayafiki. Mvumo ninaujua. Wimbo wa mwisho, ule wa kuwatoa wali nje, hupanda mara tatu, halafu hushuka polepole.

Leo ulipanda mara tatu ukakatika. Mchi nao ukasimama. Akaanza upya, ukakatika palepale. Kisha akaja nyuma ya banda akaniuliza kama nimeshawafungia mbuzi. Mbuzi tuliwauza mwaka juzi.

Nikamwambia nimeshawafungia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

11 Septemba

Joto. Nimefyeka upande wa barabarani. Mvumo umekatika palepale.

16 Septemba

Mkutano wa wazee zahanati. Aliyeuitisha ni binti mmoja mwembamba, anaitwa Witness, anasomea udaktari wa meno na amekuja na wenzake wa chuo kufanya utafiti. Alitusalimia shikamooni kwa adabu, nikaona tutaelewana. Kisha akasema anataka kuchungulia vinywa vyetu, nikaona hatutaelewana.

Utafiti wenyewe uko hivi. Hadi Desemba wazee tutatembea kila asubuhi kama mazoezi, tutafundishwa kutunza fizi, na mwanzoni na mwishoni watachukua ute wa kwenye fizi kwa kijiti cha pamba wakapime vijidudu vyake. Mwisho watatupima na kumbukumbu.

Rafiki yangu Severini, Mkatoliki aliyeshuka zamani kutoka milima ya Kilwa akaoa hapa akabaki, alinyoosha mkono. "Binti, ugonjwa wa kusahau uko huku juu," akagonga utosi wake, "wewe unachungulia huku chini?"

Watu walicheka. Witness naye akacheka, kisha akajibu vizuri tu. Alisema kinywa cha mtu kina vijidudu vingi, vizuri na vibaya. Fizi zikiugua, vile vibaya hupata njia ya kuingia kwenye damu. Wataalamu wamewahi kuvikuta hata kwenye ubongo wa baadhi ya watu waliokufa wakiwa wamepoteza kumbukumbu. "Kama ndivyo vilivyowapotezea, au viliingia baadaye tu, bado wanabishana. Na imeonekana wazee wanaofanya mazoezi, mara nyingi kumbukumbu yao huchelewa kushuka. Sisi tunauliza kama mazoezi yanabadilisha na vijidudu vya kinywani. Sijaja kuwaahidi dawa, wazee wangu. Nimekuja kuuliza."

Nilimtazama Moza. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, anasikiliza kuliko mtu yeyote.

Mimi nilisimama nikatangaza kwamba tangu nizaliwe sijang'olewa jino hata moja. Nilipigiwa makofi, mengine ya kejeli. Witness akatuambia tuje Alhamisi asubuhi na mapema, bila kula na bila kupiga mswaki.

19 Septemba

Leo tumemharibia binti wa watu utafiti wake, na tulimharibia kwa heshima zote.

Tulifika wote mapema, tumevaa kama siku ya Idi. Witness akaanza kupita na vijiti vyake. Wa kwanza alikuwa Mzee Abilahi, fundi seremala. Akafungua kinywa, binti akanusa kitu, akauliza: "Babu, umepiga mswaki?"

"Nimepiga."

"Nilisema msipige."

"Ulisema," Mzee Abilahi akakubali. "Lakini niliamka kuswali. Nisimame mbele ya Mola na kinywa cha usingizi?"

Wa pili naye alikuwa amepiga. Wa tatu alipiga, halafu akasukutua kwa maji ya chumvi. Bibi mmoja alikuwa na karafuu shavuni hapohapo alipokaa. Witness alipita mstari mzima na uso wake ukazidi kurefuka. Kila mmoja wetu alijua katazo, na kila mmoja alidhani wenzake watalifuata, yeye mmoja akiwa msafi hataharibu kitu.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa mtu mzima haendi kwa mgeni na kinywa kichafu. Ungetuambia tuje bila nguo, pengine wangekuja wawili watatu."

Ute uliofaa ulikuwa wa Severini peke yake. Alisimama katikati ya uwanja wa zahanati amejishika kiuno. "Leo Kanisa limeokoa sayansi," akasema, na tangu hapo hakuna aliyepumzika na majigambo yake.

Witness aliketi kwenye ngazi, karibu alie. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na nitaisimulia hata kama ni kujisifu. Nilimwambia aje Jumatatu alasiri. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na wengi wetu wazee tunafunga sunna ya Jumatatu. Aliyefunga, kwetu, akishaswali adhuhuri haguswi na mswaki hadi afuturu. "Njoo baada ya alasiri," nikasema, "utakuta vinywa havijala wala havijapigwa mswaki tangu alfajiri, na hakuna atakayeona haya, maana ile harufu ya mfungaji ina heshima yake."

Witness alifungua daftari akaandika. "Mwalimu, chuoni hawakutufundisha hilo."

"Ndiyo maana mmekuja Mchinga," nikamjibu. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

23 Septemba

Tumefunga, ametupima, kila kitu kimekwenda sawa. Hata waliokuwa hawafungi Jumatatu walifunga. Severini alishinda bila kula ili asionekane mnyonge, na kufikia alasiri alikuwa hasemi na mtu.

Kwangu Witness alisema fizi zimevimba nyuma na zinatoka damu. Nikamkumbusha kwamba sijawahi kung'olewa jino. Akasema, kwa upole ulioniudhi, kwamba nikiendelea hivi yatatoka yenyewe.

Kwa Moza alikaa muda mrefu. Kuna gego bovu upande wa kushoto na fizi yake ina usaha. Moza anatafunia upande mmoja, kumbe, tangu msimu uliopita, nami nilidhani ni maringo ya uzee. Witness akamshauri aling'oe mjini Lindi.

"Mpaka wali watoke," Moza akasema.

"Bibi, Desemba ni mbali."

"Sauti yangu inakaa kwenye meno haya. Nikilegeza moja sijui itatokea wapi."

Njiani nilimwambia anaogopa ganzi tu. Tulipofika kwenye michungwa akasimama. "Baba Idd, nikikwama mbele ya wanawake nimeshika mkono wa mwali wa watu, sitasimama hapo tena. Naacha mwenyewe kabla sijaachishwa. Nimekwambia leo ili usije ukashangaa."

Aliniita baba Idd na hakuwa amekasirika. Niliogopa sana, nami ni mtu nisiyeogopa hovyo.

1 Oktoba

Mazoezi yameanza na kiongozi ni mimi. Wengine walitaka apigiwe kura, nikawauliza ni nani mwingine kati yao aliyewahi kuendesha mchakamchaka wa shule nzima. Tunatoka zahanati, tunapita minazini, tunageuka kwenye daraja. Vijana waliokaa kwenye bodaboda wanatucheka. Nusu yao niliwafundisha kusoma.

Kuna jambo moja la ajabu. Moza anapotembea huzipitia nyimbo zake kwa sauti ya chini, maneno na yote, sasa mimi siwezi kutembea karibu naye. Inanibidi niwe mbele. Severini naye ni mwanamume, kwa hiyo naye mbele pamoja nami. Tumefika darajani tunahema.

Umepanda mara tatu. Umekatika.

4 Oktoba

Tumeokota korosho kutwa nzima. Mgongo.

9 Oktoba

Hamida amekuja tena. Hamida ni mpiga ngoma wa Moza kwenye unyago, mwanafunzi wake tangu akiwa mwali mwenyewe. Siku hizi hakauki hapa. Wanajifungia chumbani, nasikia vidole vinagonga ubao wa kitanda, kisha kimya.

Jana kwenye mnada wa korosho mtu alisema waziwazi kwamba mwaka huu nyakanga atakuwa Hamida. Leo Hamida akanipa shikamoo, nikaitika marahaba ya kutazama pembeni. Namwona kama mtu aliyekuja kupima nguo ya maiti kabla maiti hajafa. Nimeiandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyohisi.

14 Oktoba

Moza hakutembea. Shavu limevimba. Anasema ni upepo.

18 Oktoba

Naandika leo yote ya siku hizi tatu, nikiwa kwenye benchi la hospitali mjini Lindi, kukiwa bado kweupe.

Juzi asubuhi nilimkuta ameketi uani, uso umefura upande mmoja hadi jicho limefumba, ngozi inachoma. Nikamwita. Akaniangalia akaniambia, "Kaka Mfaume, mama amekutafuta." Mfaume ni kaka yake. Tulimzika zamani. Akaendelea kunieleza nipeleke maji shambani, mama amekasirika, na sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo. Mimi ambaye nimesimamia mitihani, misiba na ugomvi wa mipaka nilisimama pale nimeshika birika na sikujua hatua inayofuata.

Aliyejua alikuwa Hamida. Aliingia uani, akamgusa shingo, akatoka, akarudi na gari la kubebea nazi na godoro. Alimbeba Moza mgongoni kama mtoto. Njia nzima alimshika kichwa kisigonge, na kila Moza alipoanza kuweweseka, Hamida alimgonga kwa vidole begani, taratibu, kwa mapigo ya ngoma, hadi akatulia.

Daktari alisema usaha wa jino ulikuwa umeanza kusambaa. Homa ya namna hiyo inaweza kumvuruga mtu mzima akili kwa siku kadhaa, na tusubiri kuona kitakachobaki. Akampa dawa za mshipani. Jana jioni homa ilishuka, leo asubuhi wamelitoa gego.

Wakati wanalitoa tulikaa benchi moja, Hamida na mimi, na nafasi ya mtu wa tatu katikati.

"Mwalimu, mimi unanichukia," akasema.

Nikasema simchukii. Ilikuwa uongo na alijua.

"Unadhani nakitaka kiti chake. Mwaka jana wimbo wa mwisho ulimponyoka. Nilipiga ngoma kwa nguvu, nikapiga na vigelegele juu yake, mpaka akaukamata. Hakuna mwanamke aliyegundua. Tangu hapo nakuja tuupitie."

"Si umfundishe maneno?"

"Siyajui yote. Kuna mahali pana majina, mwalimu, na maneno yenyewe siwezi kukwambia. Kila mwali na wakubwa wake waliomtangulia. Yanabadilika kila mwaka na anayeyaunga ni nyakanga peke yake. Akikosea jina la marehemu, binti wa ukoo huo anatoka na aibu. Na namna ya kuyaunga hajanipa bado. Akiondoka nayo, imekwenda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Uliniitika marahaba ukitazama banda."

Nilisogea, nafasi ya katikati ikaisha. Nikamwomba radhi, nikamwita mwanangu. Yeye akafungua kibuyu cha uji akanimiminia wa kwanza mimi.

20 Oktoba

Tumerudi nyumbani. Ananijua. Amenijua kabisa, maana kitu cha kwanza alichosema ni kwamba shati langu linanuka.

27 Oktoba

"Mpeni Hamida kiti changu," amesema leo, katikati ya kula. "Nimejaribu asubuhi. Hata maneno ya karibu siyapati, na hewa inapita kwenye pengo. Mpeni."

Severini, aliyekuja kula kwetu kama kawaida yake, ndiye aliyejibu. "Shemeji, mpe wewe. Lakini utampa nini, kama hujamfundisha yale majina? Utampa kiti kitupu."

Moza alimkazia macho. "Umeyajuaje majina?"

"Siyajui. Mwalimu ameniambia tu kwamba kuna majina Hamida hajapewa."

Alimaliza kula. Akaosha mikono. Akauliza kesho tunatoka saa ngapi.

28 Oktoba

Ametembea hadi minazini, akarudi. Hakuvuma.

3 Novemba

Witness anakuja kila wiki kutufundisha kusafisha fizi. Anashika yai la kuchonga la mbao kana kwamba ni jino. Mswaki laini, kuzungusha polepole, na uzi wa kupitisha katikati ya meno. Mswaki wa mti hakuukataza. Amesema ni mzuri ila tusikwangue fizi kama tunaosha sufuria. Mzee Abilahi ametengeneza mti wake ukawa laini kuliko wa dukani na sasa kila mtu anautaka.

Fizi zangu hazitoki damu tena. Nimemwonesha Witness bila kuombwa. Namwona sasa kwa jicho jingine. Anachoka, anakaa mbali na kwao, na kila mzee anamtania, lakini hajakosa wiki hata moja.

7 Novemba

Kuanzia leo Hamida anatembea na Moza. Wamebaki nyuma wakinong'ona. Sisi wanaume mbele.

12 Novemba

Mvua ya kwanza, kidogo. Tumeanua korosho.

17 Novemba

Sasa nieleze taabu yetu. Moza amepata nguvu na anatembea haraka. Hamida ana miguu mirefu. Wanawake wengine wa kikundi cha zahanati wamejiunga nao, na nyimbo sasa zinatoka kwa sauti. Kila wakikaribia, maneno yanaanza kufika. Sisi wanaume tukisikia mvumo unataka kuwa neno, lazima tukaze mwendo. Wao wakikaza, tunakaza. Leo tulipita mbele ya wale vijana wa bodaboda tukiwa tunakimbia, wazee wazima, tumeshika kofia, na nyuma yetu kundi la wanawake wanaimba. Kijana mmoja akauliza tumeiba nini.

Witness alitupima pumzi, akashangaa. Akasema kikundi chetu cha wanaume kimepiga hatua kubwa, akaniuliza nimetumia mbinu gani.

"Heshima," nikamwambia.

24 Novemba

Umepanda mara tatu. Ukasita. Ukashuka nusu.

Sikugeuka nyuma, lakini Severini ameniambia nilikuwa nalia. Nilimwambia ni jasho, naye akaniachia hivyo.

2 Desemba

Asubuhi Moza alikuja nyuma ya banda akaniuliza kama nimeshawafungia mbuzi. Nikasimama nimeshika kiti. Yeye akaniangalia, kisha akaanza kucheka, na pengo lake likaonekana lote.

"Uliniambia umewafungia," akasema. "Nilikumbuka baadaye nikaona aibu, wewe ukakaa kimya. Nimekuwekea deni hilo tangu Septemba."

Nilikasirika mpaka adhuhuri. Sijawahi kufurahia hasira namna hii.

9 Desemba

Jumatatu. Tumefunga, Witness amechukua ute wa pili. Majibu yatatoka chuoni baadaye sana, na amesema pengine yatakuwa ya kundi zima wala si ya mtu mmoja. Nimemuuliza kuhusu Moza waziwazi, nini kimemrudisha: ni jino, ni kutembea, ni mswaki, ama ni Hamida?

"Sijui, mwalimu. Homa ilipoondoka akili ilitulia, hilo daktari atakubali. Yaliyobaki sitaki kukudanganya."

Namheshimu kwa jibu hilo. Ningekuwa mimi ningejisifu.

13 Desemba

Siku mbaya. Ameunguza maharage, akasahau jina la mjukuu kwenye simu, akaenda kulala mapema. Hakuvuma.

16 Desemba

Wali wameingizwa ndani. Nyumba imejaa wanawake. Mimi sina pa kukaa.

21 Desemba

Leo wali wametolewa.

Uwanja uko nyuma ya nyumba ya Hamida, umezungushiwa ukuta wa makuti. Wanaume tulipangiwa viti upande wa barabarani, mahali pale pale pa kila mwaka, mvumo unafika na maneno hayafiki. Tuliketi tangu jua linachomoza. Baba wa wali wamevaa kanzu. Severini amevaa koti. Witness alipita mbele yetu akielekea ndani, amefungwa kanga mbili, Moza mwenyewe alimwita. Hakuthubutu kututazama, naye ndiye aliyechungulia vinywa vyetu vyote.

Nyimbo zilikwenda. Moja ikapokea nyingine. Kila iliyoisha salama nilishusha pumzi, na Severini akanisogezea maji. Hakuna aliyekuwa anajua ninachosubiri isipokuwa yeye, na Hamida kule ndani kwenye ngoma.

Kisha nikasikia ngoma imebadilika. Huo ndio wimbo wa mwisho. Sauti ya Moza ikatoka peke yake, ikapanda mara ya kwanza. Si sauti ile ya zamani. Kuna hewa inapita kwenye pengo, inafanya kama mluzi mdogo pembeni ya sauti, na baba wawili wa wali walitazamana. Ikapanda mara ya pili. Ikapanda mara ya tatu.

Ikasimama.

Ngoma nayo ikasimama. Kule ndani hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nimeshasimama bila kujua, nimeshika kiti kwa nyuma. Nilisubiri Hamida apige kwa nguvu kama mwaka jana, apige vigelegele, afunike. Hakupiga. Nikadhani amemwacha, na kwa muda ule mfupi nilirudi kumchukia.

Ndipo Moza akaendelea. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Ile pumzi ndefu ya mtu aliyekimbiza wanaume hadi darajani asubuhi zote hizi. Hamida alijua, ndiyo maana alinyamaza. Sauti ikaanza kushuka polepole, jina baada ya jina, siyajui ni ya nani, lakini nilisikia kwamba ni majina, kwa sababu baada ya kila moja kulitoka kilio cha furaha kutoka kwa ukoo fulani mle ndani. Haikukatika. Sauti ya pili ikajiunga chini yake, nzito, ya Hamida, na nikafahamu kwamba amekwishapewa namna ya kuyaunga.

Nimewahi kujivunia wanafunzi wangu, na watoto, na shamba, na meno yangu. Hakuna hata kimoja kilichonijaza kifua namna hii.

Wimbo ukaanza kuzunguka upya, na safari hii Moza akautoa kwa nguvu zote. Mluzi wa pengo ukavuka makuti, ukavuka barabara. Severini akanivuta kanzu.

"Mwalimu," akasema, "hapa maneno yanafika."

Ni kweli yalikuwa yanafika. Kwa miaka yote viti vyetu vimewekwa pale na havijawahi kuwa karibu mno. Nikawaambia baba wa wali, mashemeji na wageni waliotoka Mingoyo kwamba mke wangu anaimba, tafadhali wabebe viti. Wanaume wote wakasimama, wakabeba viti vyao, tukarudi nyuma hadi kwenye mikorosho. Tukaketi.

Bado yalikuwa yanafika. Tukasogea tena.